Bomba Kwanza, Zege Baadaye: Masuali Yenu Kuhusu Spika, Projekta na TV Katika Majengo Mapya

Masuali ya safari hii yametoka Wete, Chake Chake, Paje, Mji Mkongwe na Mbweni. Karibu yote yana tatizo moja: jengo limeshasimama, au linakaribia kusimama, ndipo sauti na picha zinapofikiriwa. Tumejibu kwa vipimo, ili mkitoka hapa muende navyo moja kwa moja kwa fundi.

SUALI: Assalaam alaykum. Kamati yetu inajenga msikiti hapa Wete: urefu mita 20, upana mita 15, kimo mita 6, na nyuma kuna ghorofa ya wanawake. Zege la ghorofa linamwagwa baada ya wiki tatu. Fundi umeme anasema spika ni kazi ya mwisho, tusimchanganye sasa. Ni kweli?
*Katibu wa kamati ya msikiti, Wete*

JAWABU: Waalaykum salaam, Bwana Katibu. Spika zenyewe ni kazi ya mwisho, hapo fundi wenu hajakosea. Lakini njia za waya zake zinapita ndani ya zege hilo la wiki tatu zijazo. Zikikosekana, mtaishia kupiga tindo ukuta uliokwisha rangi, au kutambaza waya kwa klipu juu ya lipu mpaka mihrabuni.

Chukueni ramani, muweke alama kila pahala sauti itakapoingia na kila pahala itakapotokea. Inaingia kwenye maiki: mihrabu, mimbari, meza ya darsa, pahala pa muadhini, na moja juu kwa wanawake, maana darsa isiyo na njia ya kuuliza ni nusu darsa. Kila pahala hapo panataka boksi ukutani na bomba lake la milimita 25 linalokwenda moja kwa moja hadi kabati la mitambo. Ndani yake zitapita kebo mbili za maiki, moja ya kazi na moja ya akiba. Boksi la mihrabuni liwe ubavuni, sentimita 40 kutoka chini. Msiweke boksi la sakafuni. Linapendeza kwenye picha za katalogi, lakini msikiti unapigwa deki, na maji yatalifikia tu.

Inatokea kwenye spika. Kwa jengo la kimo hicho, zinazofaa ni spika ndefu nyembamba za ukutani, nne kila upande, kimo cha mita 2.5, zikiinamishwa kidogo kuelekea maamuma. Kutoka ukuta wa kibla, jozi ya kwanza ikae mita 3, nyingine mita 8, 13 na 18. Jozi ya kwanza lazima iwe mbele ya maiki ya imamu, yaani upande wa safu za watu. Ikiwa nyuma yake au sambamba nayo, maiki itaisikia spika na mfumo utapiga mluzi katikati ya sala.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapobana matumizi vibaya. Waya inatoka kwenye amplifaya, inaingia spika ya kwanza, inarukia ya pili, kisha ya tatu, mpaka ya nane. Ni rahisi na waya ni kidogo. Lakini sauti hewani, kwa joto letu, inakwenda kama mita 350 kwa sekunde, na kutoka jozi ya kwanza hadi ya nne ni mita 15. Aliye safu ya nyuma ataisikia spika iliyo jirani yake, kisha sauti ya mbele itamfikia milisekunde 43 baadaye, na maneno yanapandana. Dawa yake ni kifaa cha kuchelewesha sauti: jozi ya pili icheleweshwe milisekunde 14, ya tatu 29, ya nne 43. Kifaa hicho hakina kazi kama spika zote nane zimo kwenye waya mmoja. Kwa hivyo kila jozi ipate waya wake, milimita mraba 1.5 au 2.5, kutoka kabatini. Kifaa mnaweza kukinunua hata baada ya miaka miwili, ila waya wa pili hamtaweza kuupitisha.

Waya za spika zisiingie bomba moja na waya za maiki, hata kama nafasi ipo. Za maiki zinabeba umeme mdogo mno na zinadaka kila kinachopita jirani. Nyaya za umeme wa jengo nazo zikae mbali kwa sentimita 30 kila zinapokwenda sambamba. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

Sasa zege lenyewe. Ghorofa ya unene wa milimita 150 haifai kubeba bomba linalozidi theluthi ya unene huo, yaani milimita 50. Mabomba yapite kati ya nondo za chini na za juu, si chini yake wala juu yake, na yakienda pamoja yaachane kiasi cha kipenyo mara tatu, toka kati hadi kati. Yakibanana kama mkungu wa ndizi, zege haliingii baina yake na hapo patapasuka. Msikate boriti ya zege kwa ajili ya bomba bila ya mhandisi kusema sawa. Kila kiungo kitiwe gundi, kwa sababu kiungo kikavu huachia vaibreta (mashine ya kutikisa zege) inapopita na uji wa saruji unaingia. Fungeni bomba kwenye nondo kila baada ya mita moja. Tumieni bomba nzito, kwa sababu toroli itapita juu yake mtake msitake. Tieni waya wa kuvutia ndani kabisa, kisha zibeni ncha kwa kizibo, wala si kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Siku mbao zinapovuliwa, vuteni waya wa kila bomba kuona kama unakwenda. Bomba lililoziba likigunduliwa siku hiyo lina ufumbuzi. Likigunduliwa siku ya kufunga spika, halina.

Kona nazo zina mpaka: zisizidi mbili za pembe mraba baina ya boksi na boksi, na ziwe kona za kupinda polepole. Ikihitajika ya tatu, wekeni boksi la kuvutia katikati.

Ghorofa ya wanawake inataka spika nne ndogo za wati 10 kwenye waya wake, na TV ya kumuonyesha imamu. Kwa hiyo TV wekeni bomba la milimita 40 toka kabatini, na jingine la 25 kutoka kabatini hadi ukuta unaotazama mihrabu, pahala pa kamera. Hesabuni njia ya waya kwa kufuata ukuta, si kwa jicho. Mita 12 za kuona huwa 25 waya ukishapanda na kushuka.

Spika za mnarani ziwe na amplifaya yao peke yao, ili darsa la ndani lisilazimike kusikika mtaa mzima. Pembe nne (spika za mnarani zenye umbo la tarumbeta) za wati 30 ni wati 120, chukueni amplifaya ya 150 au zaidi, maana mfumo wa volti 100 (unaopeleka sauti kwa volti kubwa ili waya mrefu usile nguvu) unataka akiba ya robo hivi. Bomba la mnarani liwe la milimita 32, lipite upande wa pili na waya wa kinga ya radi, na chini ya mnara kiwepo kifaa cha kuzuia mapigo ya umeme. Pembe zenyewe ziinamishwe kidogo chini, mvua ya masika isikae kooni mwake.

Kwa adhana umeme unapokatika, inverta na betri moja ya volti 12, saa-ampia 100, inabeba kama wati-saa 1,200. Kwa betri ya risasi msitumie zaidi ya nusu. Amplifaya inayotoa maneno tu, wastani wake ni mdogo kuliko wati zilizoandikwa ubavuni. Mtambo unaokula wati 120 utapata saa tano. Acheni nafasi ya betri nje ya kabati la mitambo, na dirisha la hewa.

La mwisho, na ndilo linalotutia hofu zaidi: vigae. Msikiti wenu una mita za ujazo 1,800 na nyuso zenye jumla ya mita mraba 1,020. Vigae na lipu vinanyonya asilimia 3 tu ya sauti. Zidisheni ujazo kwa 0.161, mgawe kwa eneo linalonyonya (asilimia 3 ya hizo 1,020), mtapata mwangwi unaodumu zaidi ya sekunde 9. Hakuna spika duniani itakayoponya hilo. Tandikeni zulia nene lenye mkeka wa chini sakafu yote, mtashuka hadi sekunde 2 na nusu hivi. Mkiwa na madirisha ya wazi ya mita mraba 30, ni kama 2. Hotuba inaanza kusikika vizuri hapo. Misikiti ya zamani ilisikika bila ya mtambo wowote kwa sababu sauti ilikuwa na pa kutokea. Tukija tukafunga vioo kwa ajili ya AC na kupandisha vigae mpaka dari, tunaurudisha mwangwi kwa fedha zetu wenyewe. Ishieni vigae mita 1.2, na ukuta wa nyuma, ule unaoelekeana na kibla, uwekeni mbao za matundu zenye sufi ya mawe nyuma yake.

SUALI: Skuli yetu ya binafsi inajenga madarasa mapya manne, kila moja mita 9 kwa 7, dari mita 3. Tunataka projekta kila darasa. Mkandarasi ameshachora feni nne na taa sita. Projekta tutazipata mwakani. Tuandae nini?
*Mwalimu mkuu, Chake Chake*

JAWABU: Mwalimu, ramani ya feni irudi mezani leo, kwa sababu feni na projekta ni maadui wa asili.

Tuanze na ukubwa wa picha. Mwanafunzi wa nyuma yuko kama mita 8 kutoka ukuta wa mbele. Kwa kusoma maandishi ya kawaida, kimo cha picha kisipungue sehemu moja ya sita ya umbali huo: 8 gawa kwa 6 ni mita 1.33. Picha za siku hizi ni 16 kwa 9, basi upana ni mita 2.37. Ukingo wa chini uwe mita 1.2 toka sakafuni ili vichwa vya mbele visiuzibe, na ukingo wa juu utafika mita 2.53. Dari yenu inatosha, kwa shida.

Projekta ya kawaida ina uwiano wa kama 1.5, maana yake inakaa umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha: mita 3.55 kutoka ukutani, ikining'inia kimo cha 2.7. Mwale wake wa juu unatoka 2.7 na kuishia 2.53. Feni iliyofungwa kwenye dari ya mita 3 mabapa yake yanazunguka kama mita 2.5 hadi 2.6 kutoka sakafuni. Feni ya mbele ikiwa kwenye mstari wa katikati, bapa linakata mwale mara kadhaa kila sekunde, na darasa zima linaona picha inayopepesa. Mwalimu ataizima feni. Mwezi wa Februari, darasa la watoto arobaini, ataiwasha tena na kuizima projekta.

Hesabu ya kuepuka hilo iko hivi. Katikati ya njia, mwale una upana wa kama mita 1.2, yaani 0.6 kila upande wa mstari wa kati. Feni ya inchi 56 ina kipenyo cha mita 1.42, nusu yake ni 0.71. Kiini cha feni kikae angalau mita 1.3 kutoka mstari wa kati. Chumba chenu kina upana wa mita 7. Feni mbili mbili, kila moja mita 1.75 kutoka ukuta wa ubavuni, zinakuwa mita 1.75 kutoka kati. Hakuna gharama hata shilingi, ni kuhamisha alama kwenye ramani tu. Kama feni zimeshafungwa, nunueni projekta ya masafa mafupi yenye uwiano wa 0.5, inayokaa mita 1.2 tu kutoka ukutani, ingawa ni ghali zaidi.

Taa za safu ya mbele ziwe na swichi yake. Darasa likifungwa taa zote, watoto hawaandiki. Zikiwaka zote, picha inafifia. Dirisha lililo karibu zaidi na ukuta wa picha litiwe pazia zito. Yaliyobaki yaacheni wazi. Kwa chumba kama hicho projekta isishuke chini ya lumeni 4,000, kipimo cha mwanga wake.

Bomba. Hapa fundi atawaambia bomba la robo tatu ya inchi linatosha. Linatosha kwa taa. Kichwa cha kebo ya HDMI (inayopeleka picha na sauti) kina upana wa milimita 20 na ushei, na hakiwezi kufungwa baada ya kupitisha waya kama vya maiki. Kinakuja kimefungwa kiwandani. Wekeni bomba la milimita 50 kutoka boksi la ukutani karibu na meza ya mwalimu hadi darini kwenye projekta, kona mbili zisizo kali. Njia hiyo ina mita kama 10. Kebo ya shaba ya HDMI kwa picha kali zaidi, ya 4K, huanza kuyumba ikipita mita 5, na ya 1080 hufika 10 hivi ikiwa nzuri. Kwenu inafaa HDMI ya nyuzi za mwanga (faiba, yaani nyuzi za kioo). Angalieni mshale kwenye vichwa vyake: mmoja ni wa kompyuta, mwingine wa projekta. Ikivutwa kinyume haifanyi kazi, na kosa hilo huonekana fundi akishaondoka. Pitisheni pia Cat6 mbili, kebo za mtandao. Soketi ya umeme iwe darini, si waya wa kuongeza uliotambaa.

SUALI: Najenga hoteli ndogo Paje, vyumba 24 kwenye majengo matatu, bwawa, na mkahawa wa makuti. Nataka TV kila chumba, Wi-Fi, na muziki wa taratibu bwawani. Jengo la mbali lina mita 140 kutoka mapokezi.
*Msomaji, Paje*

JAWABU: Mita 140 ndiyo inayoamua kila kitu. Cat6 mwisho wake ni mita 100, na katika hizo hesabu 90 za ukutani na 10 za vipande vya ncha mbili. Baina ya majengo pitisha nyuzi za mwanga, hata kwa lile la mita 40. Shaba inayounganisha majengo mawili ni daraja la radi. Ikipiga kwenye mnazi jirani, mapigo yanaingia kwa waya na kuunguza swichi za ncha zote mbili. Kioo hakipitishi umeme.

Chini ya ardhi weka mabomba mawili ya milimita 50, moja likiwa tupu kwa ajili ya kesho, kina cha sentimita 60, na handaki la umeme liwe mbali kwa sentimita 30. Usidanganyike kwamba bomba litabaki kavu. Pwani maji huingia, ikiwa si ya mvua ni ya jasho la bomba lenyewe. Nunua kebo ya nje yenye jeli ndani, na kila chemba iachwe tundu chini lenye kokoto ili maji yanywewe na mchanga.

Kila chumba kipate Cat6 mbili na kebo moja ya antena nyuma ya TV, ndani ya bomba la milimita 25, na Cat6 nyingine darini kwa kila vyumba viwili kwa ajili ya Wi-Fi. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 na kimo cha 54. Mgeni anaitazama akiwa kitandani, basi katikati yake iwe mita 1.3 hadi 1.4 kutoka chini. Soketi na maboksi ya waya yawe nyuma yake hasa, kimo hicho hicho, si pale chini kwa mazoea, ukaja kuning'iniza mikia mitatu ya waya ukutani. Kama ukuta ni wa tofali la uwazi, mwambie mwashi ajaze zege matofali ya pahala hapo. Pulagi ya plastiki kwenye uwazi haibebi TV kwa muda mrefu.

Muziki wa bwawani: usitumie spika za omu 8 za nyumbani. Kwa mita 50 za waya wa milimita mraba 1.5, ukinzani wa kwenda na kurudi ni omu 1.2, na nguvu inayoifikia spika inapungua kwa karibu robo. Mfumo wa volti 100 haujali masafa hayo. Spika 12 za wati 20 ni 240, amplifaya ya 300. Spika nyingi zenye sauti ndogo ni bora kuliko mbili kubwa zinazowapigia kelele majirani na wageni waliolala.

Upepo wa mashariki unaleta chumvi mwaka mzima. Taka spika za IP65 au 66 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji), na skrubu na mabano ya chuma cha daraja la 316. Lile la 304, linalouzwa kwa jina hilo hilo la stenlesi, linaanza madoa ya kutu mbele ya bahari. Usizifunge chini ya mnazi usiokatwa nazi. Kwenye mkahawa, waya zote ziwe ndani ya bomba na bomba lishikwe na nguzo, lisiguse makuti. Makuti hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na mafundi wake hufanya kazi kwa panga. Moto nao hauhitaji maelezo.

Chumba cha mitambo kisipakane na ukuta wa baharini wala bafu. Vifaa vya wati 800 vinatoa joto la BTU 2,730 kwa saa, AC ya 9,000 inatosha na kubaki. Iache ifanye kazi usiku na mchana kwa nyuzi 24 au 25. Ukiiwasha mchana na kuizima usiku, hewa ya unyevu inaingia na kutona juu ya vyuma baridi.

SUALI: Nafanyia ukarabati nyumba ya familia Mji Mkongwe. Fundi anataka kuchimba kuta ili afiche waya za TV na Wi-Fi. Niruhusu?
*Mama wa Kiponda*

JAWABU: Usiruhusu, Bibi. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi. Tindo ikipita, chokaa inamwagika kama mchanga na jiwe linalofuata linalegea. Kisha fundi ataziba kwa saruji, ambayo haipumui. Unyevu na chumvi vinabaki nyuma yake, lipu inabambuka, na boksi la chuma linaliwa. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kabla ya kubadilisha chochote cha jengo unapaswa kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Boriti za dari ndizo njia yako. Bomba la milimita 20 au 25 likilazwa kwenye kona baina ya boriti ya mwisho na ukuta, likapakwa chokaa, halionekani na mtu asiyelitafuta. Kushuka, tumia kona ya mlango au nyuma ya kabati. Kupanda ghorofa, tafuta matundu ya zamani ya waya na mabomba kabla ya kutoboa jipya. Wi-Fi haipenyi kuta hizo, kwa hivyo usitegemee kifaa kimoja: Cat6 moja kila ghorofa, na kifaa kwenye ukumbi unaofungua vyumba vingi.

SUALI: Mtu wa sauti na picha aitwe lini, na tumlipe kwa kazi gani?
*Msomaji, Mbweni*

JAWABU: Mchora ramani akishapanga vyumba na kabla ya umeme kuchorwa. Mlipe kwa karatasi mbili: mchoro wenye kila boksi, kimo chake na ukubwa wa bomba, na orodha ya soketi, saketi na joto la kila chumba. Kisha mlipe aje mara tatu: kabla ya zege, kabla ya lipu na kabla ya dari kufungwa. Kila ziara apige picha huku futi ya kupimia ikionekana ukutani. Picha hizo zikae kwako, si kwenye simu ya fundi.

Ulizia pia waya wa ardhi mapema. Upande wenu ardhi ni mwamba wa matumbawe, na fimbo moja ya shaba iliyopigwa nusu kisha ikakatwa juu haishiki ardhi. Msingi ukiwa wazi, lazeni ukanda wa shaba mtaroni au fimbo kadhaa zilizounganishwa. Vifaa vyote vya sauti vichukue umeme kutoka saketi moja na waya mmoja wa ardhi, vinginevyo spika zitanguruma bila ya sababu mnayoiona.

Na kebo zinunueni wenyewe. Maboksi mengi ya Cat6 ya bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hukatika kwenye viungo na kupata moto ikibeba umeme wa kamera au Wi-Fi. Dukani kata kipande, menya uzi mmoja, uukwaruze kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha boksi.